Programu Inayopanda Mtini

Nyuki wa pori la miombo hawasogelewi ovyo mchana. Warina asali wa Inyonga, wilayani Mlele, wamekua wakilijua hilo. Mizinga yao huning'inia juu, kwenye matawi ya mtundu na muba, na kurina hufanywa jioni au usiku, kwa moshi na kwa mkono usio na papara. Sasa mzinga kama huo ukifungwa mizani ya kielektroniki, yenye chipu ambayo hesabu zake zinahitaji kusahihishwa mara kwa mara, fundi anakutana na tabu asiyoizoea kibandani. Kwa desturi chipu hubadilishiwa programu kwa waya: boksi linafunguliwa, kebo inachomekwa, maagizo mapya yanapakiwa. Karibu na nyuki maelfu kwa maelfu, tena zaidi ya kilomita 100 kutoka meza ya kazi, njia hiyo haipitiki. Maagizo lazima yapite hewani.

Fundi ninayemwandika ana kibanda Mpanda mjini, kata ya Makanyagio. Kinachomlisha ni simu zilizopasuka vioo na redio zilizonyamaza. Mizani ya nyuki aliianza kwa ombi la mfugaji mmoja wa Inyonga, mzee wa Kikonongo, aliyetaka kujua mzinga unajaa lini bila kuupanda na kuusumbua kila mara. Mkoani Katavi ombi la namna hiyo halishangazi. Mizengo Pinda, mwenyeji wa Kibaoni aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015, aliuhimiza ufugaji nyuki nchi nzima, na huku kwao watu walikuwa wakiufanya tangu enzi za mababu.

Mezani kwake vitu vimepangwa kwa mpango unaojieleza polepole: kushoto vya kupima, katikati cha kufikiri, kulia cha kuzungumza. Cha kupima ni kipande cha chuma chenye umbo la herufi S, kinachobeba hadi kilo 100, chenye pete juu na chini ili kifungwe kati ya kamba na mzinga. Juu ya chuma hicho kumegandishwa nyuzi nyembamba za kuhisi. Uzito ukiongezeka, chuma kinavutika kiasi ambacho jicho halioni, na umeme unaotoka katika nyuzi hizo unabadilika kwa sehemu ndogo mno ya volti. Chipu iitwayo HX711 inausoma umeme huo na kuugeuza kuwa namba ya biti 24. Cha kufikiri ni ATmega328P, chipu ileile ya matoleo ya kwanza ya bodi za Arduino Uno, zao la mradi ulioanzia mjini Ivrea, Italia, mwaka 2005. Kumbukumbu yake ya programu ni baiti 32,768, nafasi isiyotosha hata picha moja ya simu. Na cha kuzungumza ni moduli ya ESP-12F: kibati cheupe kisichozidi upana wa vidole viwili, chenye antena iliyochorwa kwa shaba ukingoni, ikipinda na kurudi. Chini ya kibati mna ESP8266, chipu ya kampuni ya Espressif ya Shanghai, iliyoanza kuenea mwaka 2014 na kuwafikishia mafundi wadogo waifai kwa bei ambayo hapo nyuma haikufikirika.

Nilimuuliza kwa nini chipu mbili. ESP8266 peke yake ina uwezo wa kupima, kutuma, na hata kujibadilishia programu. Jibu lake lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni ulaji wa umeme: ATmega ikilala hutumia mikroampea chache tu, ilhali moduli ikiwa macho hutumia makumi ya miliampea, na inaporusha ujumbe hupanda hadi mamia. Ya pili ndiyo iliyonifanya niweke kalamu chini nimtazame vizuri. "Anayebadilishwa asiwe yeye anayebadilisha," alisema. Programu mpya ikiwa mbovu, itavuruga upande mmoja tu. Moduli iliyoileta itabaki nzima, tayari kuleta nyingine. Kazi yote niliyoiona baadaye ilikuwa maelezo ya sentensi hiyo.

Anaanza na umeme. Moduli inataka volti 3.3, ikipewa 5 inaungua. Wengi huiacha ATmega kwenye volti 5 na kuweka rezista mbili njiani, ili umeme wa ishara upungue kabla haujafika kwenye moduli. Yeye ameshusha vyote viwili viwe 3.3, na kwa kuwa ATmega haiaminiki kwa kasi ya megahezi 16 katika umeme mdogo hivyo, ameing'oa kristali ya 16 na kuweka ya 8. Betri ni seli za 18650 alizozitoa katika laptopu zilizokufa. Anazichaji, anapima moja moja, anaandika namba ubavuni kwa kalamu ya wino, anaziacha zikae siku kadhaa bila kuguswa, kisha anapima tena. Iliyopoteza chaji ikiwa imekaa tu haitumiki. Regyuleta ya kudhibiti volti inayopatikana kirahisi madukani, AMS1117, ameikataa. Hiyo inataka umeme unaoingia uzidi unaotoka kwa volti moja hivi, na seli ya volti 3.7 haina ziada hiyo. Ametafuta inayoridhika na ziada ndogo, na kando kabisa ya moduli ameweka kapasita ya mikrofaradi 470, ili moduli inapovuta umeme kwa ghafla ikute akiba karibu. Asiye na subira huiruka hatua hii, kisha hulaumu waifai.

Kulehemu kwake ni kwa utulivu unaopendeza kutazama. Ncha ya chuma anaipangusa kwenye sifongo lenye maji, anaipaka lehemu kidogo iwe inang'aa, kisha anaigusisha kwenye mguu wa moduli na shaba ya bodi kwa pamoja. Anasubiri. Waya wa lehemu haupeleki kwenye chuma, anaupeleka kwenye kiungo. Kiungo kikiwa na joto la kutosha, lehemu inayeyuka yenyewe na kutambaa chini ya mguu. Mkono unaondoka, na bodi haitikiswi mpaka mng'ao utulie. Mguu wa kutuma wa moduli unaungwa na mguu wa kupokea wa ATmega, na wa kutuma wa ATmega na wa kupokea wa moduli. Waya wa tatu unatoka mguu wa GPIO12 wa moduli kwenda mguu wa ATmega wa kuanzisha upya. Waya huo wa tatu ndio ufunguo wa kazi nzima, na yeye huuchagulia rangi nyekundu kila mara ili asiukosee. Kisha anapita na mita, kiungo hadi kiungo, akisikiliza mlio. Baada ya mlio anatumia kamera ya simu kama darubini na kukagua tena kwa macho vilevile alivyokwisha kuvikagua kwa sikio.

Programu ya kwanza ya kila chipu huingia kwa waya; hilo halikwepeki. Moduli inashikishwa mguu wake wa GPIO0 kwenye ardhi ya umeme, inawashwa, na hapo inakubali kutiwa programu. Anaitia esp-link, programu huria iliyoandikwa na Thorsten von Eicken, ambayo kazi yake ni kuigeuza moduli kuwa daraja: kinachoingia kwa waifai kinatokea upande wa pili kama ishara za waya. ATmega nayo inatiwa Optiboot, butiloda ya baiti 512 inayokaa mwisho wa kumbukumbu. ATmega inapoanzishwa upya na waya ule mwekundu, Optiboot ndiyo inayoamka kwanza. Inasikiliza kwa sekunde moja hivi. Ikiitwa, inapokea programu mpya. Isipoitwa, inaiachia programu iliyopo iendelee na kazi. Kabla ya kuondoa waya fundi anaweka biti za kufuli, ili programu yoyote itakayokuja isiweze kuandika juu ya zile baiti 512.

Hapo wengine wangefunga boksi. Yeye anaanza kuharibu.

Ameandika programu mbovu kwa makusudi, na kila moja ameipa jina. Ipo inayozunguka palepale bila kutoka. Ipo inayolala na kutoamka. Ipo inayomwaga takataka mfululizo kwenye waya wa kutuma, ili kuona kama kelele hizo zitaizuia butiloda isisikie mwito. Ipo inayotega saa ya ulinzi ya ATmega iiamshe upya baada ya milisekunde 16, kisha inaganda. Butiloda za zamani zilinaswa na mtego huo, kwa sababu hazikuizima saa hiyo zilipoamka, zikawa zinaanza na kuanzishwa tena bila kikomo. Optiboot huizima. Yeye anajua, amesoma, lakini anaipeleka programu ile hata hivyo, anaitazama bodi ikiganda, kisha anaiita kwa hewa. Inaitika. Anapeleka ya pili. Inaitika. Mwisho anafanya la ukatili kuliko yote: anaanza kupakia programu nzuri na kung'oa betri katikati ya safari. ATmega inabaki na nusu programu, isiyo na maana yoyote. Anarudisha betri, anaita, na butiloda, ambayo haikuguswa, inapokea yote upya kutoka mwanzo.

Sijawahi kuona mtu akiitesa kazi yake mwenyewe kwa upole namna hiyo. Hakuna aliyemwagiza. Mzee wa Inyonga asingejua tofauti mpaka siku ambayo mzinga ungenyamaza, na siku hiyo mtu angelazimika kupanda. Fundi anafanya maovu yote mezani, ambako kosa lina gharama ya dakika chache, ili mtini pabaki salama. Bodi iliyopita majaribio yote anaitia alama ya nukta moja ya rangi nyeupe. Iliyoshindwa hata moja hairekebishwi haraka. Inawekwa kando mpaka sababu ijulikane.

Boksi ni la plastiki, maana chuma kingeziba mawimbi. Antena inaelekezwa upande usio na betri wala waya. Matundu ya kupitishia nyaya yanazibwa kwa mipira ya kubana na silikoni, dhidi ya mvua za Novemba hadi Aprili na hasa dhidi ya sisimizi, wanaopenda joto dogo la bodi. Pembeni kuna swichi ya kuvuta kwa kamba. Moduli haiwezi kukaa macho siku nzima kwa paneli ndogo ya sola, na hakutaka ATmega ndiyo iwe na mamlaka ya kuiamsha. Programu mbovu ingeweza kusahau kufanya hivyo, na mlango ungefungwa kwa ndani. Kwa hiyo kamba inaning'inia kando ya shina, juu ya kimo cha watoto, na huvutwa kwa fimbo yenye ndoano.

Kufunga kulifanyika usiku, na hapo bwana wa kazi alikuwa mzee. Moshi, kamba, kupanda, maneno machache. Kipimio cha chuma kikaingia kati ya tawi na mzinga. Kwenye tawi la jirani kikafungwa kipimio cha pili cha aina ileile, na chini yake fundi akaning'iniza jiwe alilolipima sokoni kabla ya kuondoka. Mzee aliuliza jiwe ni la nini. "La kusema ukweli, Mzee," alijibiwa. Kwa muda ule jibu hilo halikumtosheleza, nami pia.

Majuma yalipita mizani ikipima na kuhifadhi. Fundi aliporudi Inyonga, safari hii mchana, alikaa kwenye kivuli cha mti mwingine, mbali kiasi cha nyuki kutomjali na karibu kiasi cha waifai kumfikia. Fimbo ikavuta kamba. Kwenye laptopu likatokea jina la mtandao wa moduli, likafunguliwa kwa nywila ndefu, maana esp-link haimuulizi anayepakia kuwa yeye ni nani. Aliyeingia kwenye mtandao wake anaweza kubadilisha chochote. Akaandika anwani 192.168.4.1 na kuchota kumbukumbu za uzito.

Mzinga ulikuwa ukipungua kila asubuhi na kurudi kila jioni. Hilo ni sahihi: nyuki 10,000 wana uzito wa karibu kilo moja, na wanaotoka kutafuta chakula wanaondoka na uzito wao. Lakini jiwe nalo lilikuwa likibadilika. Kila mchana liliongezeka zaidi ya gramu 80, na kila usiku likarudi. Jiwe haliruki wala haliwekewi asali. Kilichokuwa kikibadilika ni chuma chenyewe na umeme wake, kwa joto la jua. Gramu 80 ni nyuki 800 wasiokuwapo. Mfugaji anayetegemea namba hizo angedhani chakula kinaingia siku ambayo hakiingii.

Sasa ndipo subira yake ilipoonekana kwa namna nyingine. Hakukimbilia kuandika. Alilinganisha joto lililorekodiwa na kihisi kidogo, DS18B20, kilichofungwa ubavuni mwa chuma, na uzito wa uongo wa jiwe, saa kwa saa, siku moja hadi nyingine. Alichora nukta kwenye karatasi ya daftari. Nukta zilipojipanga karibu na mstari mmoja, akapima mwinuko wake kwa rula, akapata gramu ngapi za kuondoa kwa kila nyuzi moja ya joto. Mabadiliko yenyewe katika programu yalikuwa mstari mmoja.

Programu ilipotafsiriwa kwa lugha ya chipu ilikuwa na baiti 14,208. Aliitazama faili yenyewe kabla ya kuituma, mistari ya herufi na tarakimu inayoanza kila mmoja kwa nukta mbili. Kila mstari umebeba mwishoni namba ya uhakiki: jumlisha baiti zote za mstari pamoja na hiyo ya mwisho, na tarakimu mbili za kulia, kwa hesabu ya msingi wa 16, lazima ziwe sifuri. Mstari wa mwisho wa faili ni uleule siku zote, :00000001FF, na macho yake yalikwenda hapo kwanza, kuhakikisha faili haikukatika.

Kisha akaandika amri ya avrdude, programu ya laptopu ya kupakia maagizo kwenye chipu, ikielekezwa kwenye anwani ya moduli, lango la 23. Ipo njia nyingine, ambapo moduli hupokea faili na kuipakia yenyewe, nayo huvumilia vizuri zaidi mtandao unaosuasua. Yeye hupenda avrdude kwa kuwa inasoma tena kila ilichoandika. Alibonyeza. Moduli ikaushusha waya mwekundu, ATmega ikaanza upya, Optiboot ikaamka na kusikiliza. Mwito ukafika ndani ya ile sekunde moja. Chipu ikajitambulisha kwa baiti tatu, 1E 95 0F, ambazo ni jina la ATmega328P na si la nyingine. Kurasa zikaanza kuondoka, baiti 128 kwa kila ukurasa, kurasa 111. Mstari wa alama ukasogea kwenye kioo cha laptopu. Juu yetu nyuki waliendelea kutoka na kuingia kwenye tundu la mzinga bila hata mmoja kubadili njia. Kurasa zilipokwisha, avrdude ikazisoma zote upya, ikalinganisha, ikakuta sawa, ikaaga.

Mzee, aliyekuwa amechutama pembeni, alinyanyuka. "Si umemaliza, mwanangu?"

"Bado, Mzee. Jua halijafika kichwani."

Wakakaa. Ujumbe wa kufaulu ulithibitisha kwamba baiti zimefika kama zilivyotumwa. Haukuthibitisha kwamba mwinuko wa mstari ni sahihi. Hilo lilikuwa la jiwe kusema. Saa tano, saa sita, saa saba. Wakala ugali uliofungwa nyumbani, wakazungumza habari ya mvua na ya muba, ambao maua yake mzee alikuwa akiyasubiri. Kila mara fundi aliwasha moduli, akasoma namba mbili, akaandika, akazima ili kuokoa betri. Joto la chuma lilipanda. Uzito wa mzinga ulishuka na kuanza kurudi. Jiwe lilicheza gramu 5, gramu 7, likarudi gramu 4. Alipouona mchana wote umepita namna hiyo, ndipo alipomwonyesha mzee karatasi mbili pembeni kwa pembeni, ya zamani yenye mlima wa mchana na mpya iliyotulia. Mzee aliliangalia jiwe, akaiangalia karatasi, akacheka kwa kuridhika.

Katika daftari fundi aliandika tarehe, namba ya toleo la programu, idadi ya baiti, volti za betri na mwinuko alioutumia. Chini yake akaongeza kwamba joto la siku ile halikuwa la juu kabisa, kwa hiyo hesabu iangaliwe tena mwezi Oktoba. Akavuta kamba kuzima moduli, akafunga laptopu, na kumuuliza mzee mzinga wa pili uko upande gani wa mto.